Kombe la Mwajiri Bora na Kitambaa Chekundu

Mjinga siku ile nilikuwa mimi, Bakar, wala sitaki mtu agombee nami cheo hicho.

Juma lililopita, msomaji, uliniacha katikati ya yadi ya mabasi hapa Tanga mjini, kifuani nina ua la karatasi lililoandikwa MFANYAKAZI BORA, na mkononi nimeshika kitambaa chekundu nilichokiokota chini, kilichochanwa kwenye kanga kuukuu. Uliniacha napiga kelele: "Nani kakitoa hiki kwenye basi la kijani?"

Na basi la kijani lilikuwa limeshatoka getini. Limepambwa riboni kama bibi harusi, limebeba majaji, linakwenda Amani.

Amani, msomaji! Mlimani! Kupanda kule ni kazi ya injini. Kuteremka ni kazi ya breki.

Na kitambaa kile ndicho kilichokuwa breki zetu.

Wewe usiye dereva nikueleze upesi. Ile miaka ya dhiki, spea hazionekani hata kwa dua, dereva akiandika kwamba gari ni bovu aliitwa mhujumu, akakalishwa kitako na wakubwa. Basi tukaacha kuandika, tukaanza kufunga. Ukirudisha gari ambalo breki zake huziamini, unachana kipande cha kanga, unakifunga kwenye mkono wa gia. Mwenzako wa kesho akikiona anajua: hili teremka nalo kwa gia, mguu usiutegemee. Na hakifunguliwi na mtu ila fundi aliyelitengeneza.

Miaka ikapita. Ruksa ya biashara ikaja, shirika la umma likauzwa, mabasi yakapakwa rangi mpya na kuitwa Mwambao Mpya. Vitambaa vikabaki vilevile.

"Nimekitoa mimi," ilisema sauti nyuma yangu.

Nikageuka. Asmahani, karani wa ofisini, binti wa Ngamiani aliyepewa kusimamia mapambo. Mkoba wake begani, umefura kama puto.

"Wewe! Kwa ruhusa ya nani?"

"Yako."

"Yangu mimi?"

"Kaka Bakar, ulikuwa unachana nywele kwenye kioo cha basi. Nikakuuliza, hiki kitambaa je? Ukasema, toa uchafu wote, majaji wanakuja. Hata shingo hukugeuza."

Nikakumbuka. Kitana mkononi, mate kidogo kwenye nyusi. Nilikuwa najiandaa kupigwa picha.

Nimekwambia mjinga nilikuwa mimi.

"Anaendesha nani?" nikauliza, na jibu ninalo.

"Manase."

Manase, Msambaa wa Soni, kijana mpole, hana mwezi tangu aajiriwe. Mila ya kitambaa nilimfundisha mimi mwenyewe. Nilimwambia: usipoona kitambaa, kanyaga tu, gari zima.

Mkewe, Ruthi, alikuwa pale pale yadini, amekaa juu ya furushi lake, tumbo limemtangulia. Alikuwa anangoja basi la mchana la Lushoto, akajifungulie kwa mama yake.

"Shemeji Bakar, mbona unapiga kelele? Kuna nini?"

"Hakuna kitu, shemeji. Furaha ya kombe." Kisha, ili nionekane mwema, nikamwita dereva wa Lushoto: "Yakhe, huyu mpe kiti cha mbele kabisa, asitikisike!"

Hayo maneno yatunze. Tutayarudia.

Nikakimbia ofisini kwa meneja. Meneja Jumbe alikuwa anajaribisha tai mbele ya kioo, akijifunza kutabasamu.

"Bosi, lile basi la majaji halina breki!"

"Punguza sauti."

"Bosi, watakufa!"

"Punguza sauti, nimesema! Mpiga picha yuko nje." Akafunga mlango. "Bakar, unajua leo ni siku gani?"

Nilijua. Nani asiyejua? Chama cha wasafirishaji wa kaskazini kilikuwa kinatafuta Mwajiri Bora wa mwaka. Juma zima tulikuwa katika maigizo. Sare tuliazima, zilikuwa pana, tukazibana mgongoni kwa pini, kwa hiyo siku ile hakuna mfanyakazi aliyeegemea kitu. Sabuni ilikuwa kipande kimoja: majaji wakitoka choo hiki, utingo anakipitisha dirishani kwenda choo kile, wakifika wanakikuta kinawangoja, kimelowa. Na pilau, aa, pilau ile hata mimi niliyeiona ikipikwa sikuamini kwamba ni ya kwetu.

Wala usidhani tulikuwa hatujui kombe lenyewe. Mwajiri Bora wa mwaka uliopita alifunga geti kabla maua ya sherehe hayajanyauka. Madereva wake wanauza mahindi ya kuchoma, na kombe analo mlinzi, ananywea uji.

Lakini unapoambiwa wewe ndiye Mfanyakazi Bora, masikio huwa mazito. Yangu yalijaa nta.

"Bosi, nipe Landrova niwawahi."

Jumbe akafikiri. Sijui alifikiri roho za watu au alama za majaji. Akachukua koti.

"Twende wote. Lakini neno breki halitoki kinywani mwako. Tumewapelekea soda. Umesikia? Soda."

Tukaruka garini. Mimi usukani, Jumbe kushoto, Asmahani nyuma na kreti la soda ambalo hakuna aliyemwomba alipakie.

"Na wewe unakwenda wapi?" Jumbe akamfokea.

"Nilikitoa mimi, bosi. Nakirudisha mimi."

Tukaifumua barabara ya Muheza. Upepo unapiga, chupa zinagongana, pini yangu inanichoma kila nikibadili gia. Hatujafika mbali, Jumbe akatoa kitu mfukoni, akakining'iniza mbele ya macho yangu.

Ufunguo.

"Unaujua huu?"

"Siujui."

"Nyumba ya kampuni, Usagara. Vyumba vitatu, bomba ndani, umeme. Nilitaka kukupa jioni mbele ya mgeni rasmi."

Mimi na mke wangu na watoto tulikuwa chumba kimoja Makorora, na mlango wetu ni pazia.

"Kwa sababu gani, bosi?"

"Kwa sababu Mfanyakazi Bora hamwangushi Mwajiri Bora. Likitokea la kutokea, dereva ni mgeni, hana uzoefu. Basi. Ni hilo tu nataka useme."

"Na Manase?"

"Manase ni kijana. Atapata kazi nyingine."

"Akitoka jela?" Asmahani akauliza kutoka nyuma.

"Wewe kaa na soda zako!"

Nikauchukua ufunguo. Nikautia mfukoni. Usinicheke, hujawahi kulala Makorora wakati wa mvua.

Muheza tukasimama kwa wauza machungwa.

"Mama, basi la kijani lenye mariboni limepita?"

"Limepita kitambo, baba. Wanaimba humo ndani! Harusi ya nani?"

Nikakata kona ya Amani, vumbi jekundu likapanda juu yetu. Tukaipita Kisiwani, mlima ukaanza, kona juu ya kona, bonde upande mmoja, ubavu wa mlima upande mwingine. Kila kona najiambia: hapa nitalikuta limelala. Silikuti. Nikaanza kupata matumaini. Huenda bado wako juu, wanaangalia miti ya kituo cha utafiti. Huenda Manase ameng'amua.

Kona iliyofuata, riboni ya pinki ikapeperuka juu ya kioo chetu kama inatusalimu.

Nikakanyaga breki. Za Landrova zilikuwepo, Mungu ni mkubwa.

Basi la kijani lilikuwa limechomeka pua kwenye ubavu wa mlima. Taa moja imezama udongoni, tairi la mbele limekwenda upande, majani ya migomba yako juu ya paa. Hatua chache mbele ya pale, barabara inapinda na bonde linaanza.

"Wamekufa?" Asmahani akashika kichwa.

"Hawajakufa," nikasema, maana nilisikia mtu anagombana.

Aliyekuwa anagombana ni Mama Loveness, jaji mkuu, mama wa makamo kutoka Moshi. Alikaa juu ya jiwe, kiatu kimoja hana, jani limekwama nyweleni, anamfokea jaji mwenzake aliyelala tangu Muheza na sasa alitaka kujua kama hapa ndipo pa chakula cha mchana. Mwenzao wa tatu alikuwa ameshika mkono wake kifuani, umevunjika.

Na pembeni, kati ya mgambo wawili wa kijiji, Manase. Damu inamtoka juu ya jicho. Mikono wamemfunga kwa kamba ya mkonge.

Jumbe aliruka nje kabla sijazima injini.

"Manase! Mwendawazimu wewe! Sijakuonya mimi? Mama Loveness, pole, pole sana. Kijana huyu nimemwonya mara ngapi! Mwendo kasi, mwendo kasi! Mgambo, mmefanya vizuri, mteremsheni polisi Muheza sasa hivi."

"Bosi, sikukimbia," alisema Manase. "Tulikuwa tunateremka, nikakanyaga, mguu ukaenda mpaka chini. Nikakanyaga tena, ikawa kama nakanyaga uji. Nikaona kona. Nikachagua mlima."

"Unasikia? Anakiri! Kachagua mlima!"

"Angechagua nini, bonde?" Mama Loveness akauliza.

Jumbe akanyoosha tai. "Mama, magari yangu yanakaguliwa kila asubuhi. Dereva mzuri anajua gari lake kabla hajaliondoa."

"Nilitazama, mama." Manase alisema na macho yake yakanitafuta mimi. "Nilipopanda nilitazama gia kwanza, kama alivyonifundisha kaka Bakar. Nikaona riboni ya pinki. Nikasema moyoni, leo nimepewa gari zima."

Msomaji, nimetukanwa na maaskari, na makondakta, na mama mkwe wangu ambaye ni Mpemba wa Wete na anajua kutukana. Hakuna tusi lililowahi kuniingia kama ile riboni ya pinki.

"Wewe mwenye ua," Mama Loveness akaninyooshea kidole. "Umeandikwa bora. Hebu sema. Gari hili lilikuwa na breki?"

Jumbe akasogea karibu yangu, akanishika bega kwa upendo, pale pale penye pini.

"Sema, Bakar," akaninong'oneza. "Vyumba vitatu."

Ufunguo ulikuwa mfukoni, nauhisi pajani. Nikaliona bomba ndani ya nyumba. Nikamwona mke wangu anafungulia maji bila kupanga ndoo. Halafu nikaiona kamba ya mkonge mikononi mwa Manase, fundo lake limekazwa.

"Mama," nikasema, "gari hili halina breki tangu masika."

"Bakar!"

"Tangu masika, mama. Sisi wote tunajua. Na bosi anajua, nilimwambia mimi mwenyewe asubuhi hii, akasema twende na soda."

Nikautoa ufunguo wa nyumba, nikauweka juu ya boneti ya Landrova. Nilivunjika moyo, sikufichi. Kwaheri, bomba.

Jumbe akacheka. Kile kicheko alichokuwa anajifunza kwenye kioo.

"Mama Loveness, huyu kachanganyikiwa, ni mshtuko. Magari yetu yangekuwa mabovu yangeandikwa. Waulize, nani kaandika? Hakuna!"

"Hatuandiki, tunafunga," nikasema, nikamwonyesha kitambaa chekundu, nikamweleza kama nilivyokueleza wewe.

"Kitambaa!" Jumbe akapiga makofi. "Mnasikia? Kampuni ya kisasa, mama, kampuni inayogombea kombe, iendeshwe kwa matambara ya kanga! Bakar, hiki kimoja umekichana wapi, jikoni kwako? Kitambaa kimoja kinathibitisha nini?"

"Si kimoja," alisema Asmahani.

Alikuwa amesimama kando ya kreti lake, mkoba mkononi. Akaufungua, akaugeuza juu chini.

Vikamwagika.

Vyekundu, vya bluu, vya maua ya korosho, vyeusi kwa mafuta ya gia. Vikarundikana barabarani kama nguo za mtoto. Hata mgambo mmoja aliinama kutazama.

"Asmahani," nikasema, "hivi vyote..."

"Uliniambia toa uchafu wote, kaka Bakar. Nikapita gari kwa gari. Niliona haya kuvitupa, vingine ni kanga nzuri, nikasema nitashonea mto."

Huu ndio ujinga wangu wa pili, na ni mkubwa kuliko ule wa kwanza. Njia nzima kutoka Tanga mtu amekaa nyuma yangu na mkoba uliofura, mimi nagombania basi moja. Sikumuuliza, na mengine je?

Nikapiga magoti, nikavichambua. "Hiki?"

"Basi la Pangani."

Pangani tambarare. Nikashusha pumzi. "Hiki?"

"La Korogwe. Lile bovu, halikutoka leo."

"Na hiki cha bluu, kilichofungwa mafundo mawili?"

Mafundo mawili ni lugha nyingine. Fundo moja, breki huziamini. Mafundo mawili, breki hamna.

Asmahani akakitazama. Rangi ikamtoka usoni.

"Hicho ni cha Lushoto."

Nikasikia chupa ya soda inatoa povu peke yake kwenye kreti.

"Ruthi," alisema Manase.

Basi la mchana. Kiti cha mbele kabisa, asitikisike. Nilimchagulia mimi.

Na ile njia ya kutoka Mombo kupanda Lushoto naijua. Watu hudhani hatari iko kwenye kuteremka tu. Gari likizimika mnapanda, na breki hamna, linarudi kinyumenyume, na kinyumenyume hakuna gia ya kukuokoa.

"Lazima lipite Muheza," nikasema. "Tukiteremka sasa hivi tunaliwahi pale kwa wauza machungwa. Mfungueni huyu!"

Mgambo wakatazamana. Mama Loveness akasimama, kiatu kimoja. "Mfungueni." Wakamfungua.

Tukaikimbilia Landrova. Nikaingia, nikapeleka mkono kwenye swichi.

Swichi tupu.

Jumbe alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, mkono umenyooka juu ya bonde, na ufunguo wa gari, aliouchomoa sisi tukichambua vitambaa, unaning'inia kwenye vidole viwili.

"Hakuna anayekwenda popote," alisema. Tabasamu lilikuwa bado liko, lakini limebaki kwenye meno tu. "Tuzungumze kama watu wazima. Mnataka kusimamisha basi langu mbele ya soko, abiria washuke, wapige kelele, mpaka gazeti lijue? Leo? Kombe linatolewa jioni! Basi lile limekwenda Lushoto jana likarudi. Litakwenda na leo."

"Jana lilikuwa na kitambaa!" nikamwambia.

"Mama Loveness!" Hakunitazama. "Nakuuliza wewe. Kipengele cha usalama, alama zetu mmeshaandika au hamjaandika?"

Yule mama akainamisha kichwa. Akalitoa lile jani nyweleni, akalitazama.

"Tumeandika."

"Lini, mama?" aliuliza Asmahani.

"Asubuhi. Wakati wa pilau."

"Ngapi?"

"Zote."

"Mnaona!" Jumbe akang'aa. "Zote! Wataalamu wamesema! Mimi ndiye Mwajiri Bora, karatasi imeshasema. Na nyinyi tulieni, jioni kila mtu atapata chake, hata wewe Manase nitakusamehe hili basi."

Manase alikuwa anamwendea. Hakimbii. Hatua baada ya hatua, damu inamshuka shavuni, viganja wazi kama mtu anayemwita kuku.

"Nipe ufunguo, bosi."

"Simama hapo! Sogea tena nautupa!"

Manase akasogea tena.

"Manase! Ukiligusa gari hili huna kazi! Unasikia? Nitahakikisha mwambao wote hupati usukani! Huna kazi kwa Mwajiri Bora!"

Kijana akasimama mbele yake, karibu kiasi kwamba tai ya bosi ilimgusa kifuani. Akanyoosha mkono.

"Kazi nitaomba kwa mwajiri mbovu, bosi. Ruthi nitamwomba kwa nani?"